Unyevu

Mwezi wa tatu tangu nikabidhi funguo za ghala, Wete.
Kiinua mgongo kilikuja, kikainua paa la jiko,
mgongo wangu ukabaki pale pale.

Miaka thelathini na miwili niliandika:
jina, shehia, magunia, kilo, daraja.
Hakuna aliyeniomba kisa.
Leo mhariri wa Unguja, binti mdogo, Rahila,
kanipata kwa mpwa wangu, kaniambia kwa simu:
"Mzee Hamad, tuandikie. Siku mbili kwa wiki zatosha.
Tunalipa kwa neno."

Kwa neno!
Nilicheka hata Mize akatoka jikoni na mwiko.
Shilingi sitini, neno moja.
Nikawaza salamu zetu za Pemba:
sisi tukikutana njiani
hatuachani kabla ya elfu moja kutimia.

Basi Jumatatu na Alhamisi, baada ya alfajiri,
meza ya cherehani huwa ofisi.
Mize husogeza nyuzi zake bila kusema neno.
Kalamu kwanza, kisha simu ya mjukuu,
kidole kimoja, kuku anadonoa mtama.

Makala ya kwanza, bei ya sukari.
Ya pili, vyoo vya skuli.
Ya tatu, nikaanza kutia maji.

Nayajua maji, jamani.
Nimeyaona yaliyonyunyizwa usiku guniani
ili asubuhi mizani iseme uongo.
Nilikuwa natumbukiza mkono hadi kiwiko,
nachota, navunja moja kwa ukucha:
kavu hulia, ka!
Mbichi hujikunja, kimya, kama mwenye deni.
Na sasa mimi, Hamad Faki,
nimeandika "katika kipindi hiki cha wakati tulichonacho".
Maneno sita. Mia tatu na sitini.
Thamani ya andazi.

Ndipo nikamkumbuka Bi Time Shaame wa Mtambwe,
msimu ule mvua haikatiki,
gunia moja, kichwani.
Nilitia mkono, nikauchomoa, nikasema: Rudisha.
Hakubisha.
"Sikutia maji, mwanangu. Ni mbingu."
Nikaandika kitabuni: Limekataliwa. Unyevu.
Kwa bei ya leo, shilingi mia na ishirini.

Nikamwandika. Yakaja maneno mia tisa.
Mkeka wake kando ya lami,
gari zikimpigia honi,
naye anazigeuza karafuu kwa wayo,
siku nne za jua la kuibia;
siku ya tano karudi, bei ishashuka,
nami nikampimia,
nikashindwa kumtazama usoni.

Usiku nikachambua, makonyo huku, karafuu huku.
"Hakika" ikaenda.
"Kwa kweli kabisa" ikaenda.
"Uchungu" ukaenda, maana ulikuwamo.
Kilo tatu mbichi hutoa moja kavu,
hilo mtoto wa Pemba hafundishwi.
Yakabaki mia tatu na kumi.

Mize kapiga hesabu kwa chaki ya kushonea:
"Umetupa elfu thelathini na tano na mia nne.
Mlango wa choo ndio huo unaning'inia."
Kisha kavaa miwani, kasoma,
midomo ikicheza, taratibu, hadi chini,
kaweka kidole.

"Hapa pana maji."

Wapi?

"Hapo uliposhindwa kumtazama.
Ulimtazama, Hamad.
Mimi nilikuwa mlangoni na chakula chako cha mchana.
Ulimtazama vizuri tu,
ukasema: Anayefuata!"

Akarudi kwenye cherehani yake,
akapitisha uzi tunduni mara ya kwanza, bila kulamba.

Nje kulikuwa kunapambazuka, Alhamisi.
Nikajitwisha gunia langu,
nikalirudisha mezani.